Akae kwake, aje kwako, au aende makazi ya wazee? Ulinganisho kwa wenye wazazi Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa saba mwaka juzi mama yetu aliteleza akienda chooni saa nane usiku. Nyumbani kwetu ni kijijini, safari ya bodaboda kutoka Tukuyu mjini, na choo kilikuwa nyuma ya nyumba, hatua kama ishirini kutoka mlango wa jikoni. Mvua ilikuwa imenyesha jioni. Aliyemkuta ni mtoto wa jirani aliyekuja kuchukua maziwa saa kumi na mbili asubuhi. Ndala moja ilikuwa mlangoni, ya pili imezama kwenye matope, na tochi ilikuwa bado inawaka, mwanga wake umeshakuwa wa njano. Alikuwa amejiviringisha kitenge kilicholowa, mgongo kwenye mgomba. Hakuvunjika. Kwenye simu akatuambia, "Nimeteleza kidogo tu, wanangu." Zilipita siku mbili ndipo tukajua kwamba alikaa nje saa nne nzima.

Tuko wanne. Mmoja yuko Dar, mmoja Iringa, mmoja Tunduma, mimi Mbeya mjini. Tulipoitana kwenye simu kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari. Kaka mkubwa alitaka aletwe mjini wiki hiyo hiyo. Dada akasema abaki kwake, atafutwe binti wa kumsaidia. Mdogo wetu wa mwisho akataja makazi ya wazee, tukamnyamazisha kabla hajamaliza sentensi. Leo najua tulimkosea, maana wazo lake lilistahili kusikilizwa kama mawazo ya wengine.

Tangu usiku ule nimeishi na mawili kati ya majibu hayo, la tatu nimekwenda kulitazama kwa macho yangu, na nimeona watu wakitumia la nne ambalo sisi hatukulifikiria. Nawaandikia walio kwenye kikao kama kile chetu.

Pima kwanza, ndipo ulinganishe

Kabla ya mahali, mtazame mzazi mwenyewe. Kaa naye siku mbili tatu bila haraka uone nini anaweza bila msaada: kuvaa, kuoga, kwenda haja, kupika, kunywa dawa kwa wakati, kuhesabu hela. Uone pia kama anasahau jina la mtu tu, au anasahau kwamba ameinjika sufuria motoni. Andika kwenye karatasi, kwa sababu kwenye kikao kila ndugu atazungumzia mzazi anayemkumbuka, na huyo aliyepo leo hatakuwa na msemaji.

Halafu mpeleke apimwe. Mambo mengi tunayoyaita uzee yana tiba. Mzee asiyetoka nje huenda ana mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi. Anayeyumba akisimama huenda dozi yake ya presha inahitaji kuangaliwa upya. Anayejibu visivyo huenda hasikii vizuri. Baba mwenye tezi dume iliyovimba ataamka mara tano usiku, na kila kuamka ni nafasi moja ya kuanguka. Mkirekebisha haya kwanza, pengine uamuzi mzima utabadilika.

Baada ya hapo, kila chaguo nalipima kwa mambo haya.

Usiku: nani hasa yupo saa nane ya usiku, na je, atasikia? Naliweka hili mbele ya yote. Mchana kijijini mtu hawezi kulala chini kwa saa nne bila kuonekana. Usiku anaweza.

Matibabu: si hospitali kubwa peke yake. Ni dawa ya kila mwezi, kliniki, na usafiri wa dharura.

Baridi na nyumba: huku kwetu Juni hadi Agosti si miezi ya mchezo kwa mifupa na kifua cha mzee. Choo, ngazi, sakafu na taa viko kwenye kipengele hiki.

Gharama: za kila mwezi, za kuanzia, na ile kazi isiyolipwa ambayo mtu fulani ndani ya familia ataibeba.

Watu wake: nani atamwamkia, nani atamwomba ushauri, na atakuwa na shughuli gani mikononi.

Kaburi: watoto tunaona aibu kulitaja. Wazee hawaoni. Wengi wanajua tayari wanataka kulala wapi, na wanapokataa kuhama, mara nyingi hicho ndicho wanachokitetea bila kukisema.

Abaki kwake, na mtu wa kulala naye

Usiku. Chaguo hili lote limesimama juu ya mtu huyo mmoja. Mjukuu wa darasa la tano hawezi kuwa mlinzi wa usiku, na kumtoa mtoto shule ili amtunze bibi ni kuumiza watu wawili kwa mpigo. Wengi hukimbilia binti wa miaka kumi na nane. Nimeona ikifanya kazi, lakini zaidi nimeona mama wa makamo, mjane au ambaye watoto wake wameshakua, mwenyeji wa kijiji hicho hicho, akidumu kuliko binti. Anajua lugha ya mzee, anajua nani ni nani, na haoni kijiji kama kifungo. Kwa miaka mingi mabinti wa Iringa na Njombe wamekuwa wakipanda mabasi kwenda Dar kulea watoto wa watu, huku bibi zao wamebaki na kuku. Hili linaniuma kila ninapopita stendi ya Makambako. Kwa hiyo ukipata mtu wa kumtunza mzee, mlipe mshahara wa kweli, kwa tarehe, kwa mapatano yaliyoandikwa, na umpe siku ya mapumziko na mtu wa kumshikia zamu siku hiyo. Serikali hutangaza kima cha chini kwa wafanyakazi wa nyumbani. Anzia hapo kwenda juu.

Matibabu. Zahanati ya kijiji itatosha kupima presha na sukari. Likija kubwa, ukanda wetu una hospitali nyingi za misheni na za wilaya zilizo nje ya miji mikubwa: Makandana na Igogwe kwa watu wa Rungwe, Matema kwa watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, Ilembula, Ikonda kule Makete ambako watu husafiri kutoka mikoa ya mbali, Ilula na Tosamaganga upande wa Iringa. Jua ipi ni yenu, barabara yake ikoje wakati wa masika, na namba ya bodaboda na ya mwenye gari viandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Mzee mwenye miaka 60 na zaidi asiyejiweza ana haki ya kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya umma, hii imo kwenye Sera ya Afya ya 2007. Fuatilia kitambulisho chake kupitia kijiji na halmashauri sasa hivi, usisubiri augue. Hata hivyo tenga fedha za duka la dawa, maana msamaha haukusaidii siku dawa ikiwa haipo dirishani.

Baridi na nyumba. Hapa ndipo fedha za kwanza ziende. Sisi tulijenga choo na bafu ndani, tukaziba chumba kimoja cha stoo. Fundi alichomelea vyuma viwili vya kushikia ukutani, kimoja kando ya choo, kimoja mlangoni. Taa ya sola iko korido na haizimwi. Kabla choo hakijaisha tulitumia ndoo yenye mfuniko na kiti ambacho seremala alikitoboa tundu katikati, na kilisaidia zaidi ya nilivyotegemea. La muhimu kuliko yote ni jiko la mkaa. Mzee asilale nalo chumbani. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na huua mtu aliyelala bila hata kumwamsha. Aliote jioni mlango ukiwa wazi, kisha litolewe nje. Blanketi mbili na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa zitamfikisha asubuhi.

Gharama. Za kila mwezi ni ndogo kuliko machaguo mengine kwa sababu nyumba ni yake, na ndizi, maharage na maziwa ni vya hapo hapo. Za kuanzia zinauma. Gharama isiyoonekana ni nauli za watoto, kwa maana asiyetembelewa huyu hajatunzwa, ametumiwa hela tu.

Watu wake. Hakuna mahali patakapolingana na hapa. Kila anayepita njiani anasema "Ugonile", na yeye anajua wa ukoo gani na mama yake alikuwa nani. Ana kanisa lake, kikundi chake, shamba la kukagua hata kama halimi tena. Na ardhi inayoonekana ina mwenyewe hupata majirani wenye adabu. Lakini pima upande wa pili: kama kijijini kuna maneno ya uchawi juu yake, au ndugu wanaomezea mate shamba, usalama wake umeshaingia doa, na watu wake hao hao ndio tatizo.

Kaburi. Halina mjadala. Baba yuko pale, mita chache kutoka dirishani.

Panamfaa mzee mwenye akili timamu ambaye mwili umechoka, mwenye majirani wema, na watoto wanaoweza kufika kwa zamu. Hapamfai anayepotea njia au anayesahau moto.

Ahamie kwako mjini

Mama alikaa kwangu Isyesye miezi minne baada ya kuanguka.

Usiku. Nililala chumba cha pili, mlango wazi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nililala kweli. Nilichokisahau ni mchana. Mimi natoka saa moja asubuhi, mume wangu pia, watoto wako shule, na geti linafungwa. Kijijini mama alikuwa peke yake usiku. Kwangu alikuwa peke yake kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimehamisha saa za upweke, sikuwa nimeziondoa. Hata mjini, basi, utahitaji mtu wa kulipwa au ndugu mzima anayeshinda nyumbani.

Matibabu. Hili ndilo linaloshinda kirahisi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya iko mjini, Iringa kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na aliye Dar ana Muhimbili. Mzee anayetoka kwenye kiharusi na anahitaji mazoezi ya viungo kila wiki, au mwenye figo zilizochoka, atateseka sana kijijini. Kama wewe ni mtumishi wa umma, mwandikishe mzazi wako miongoni mwa wategemezi kwenye bima yako ya NHIF kama hujafanya hivyo. Watu wengi wana nafasi hiyo na hawaitumii hadi mzee amelazwa.

Baridi na nyumba. Mbeya haimwepushi mtu na baridi. Mji uko mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari na upepo wa Juni unakata. Aliye Dar ana shida ya upande mwingine: mzee aliyezaliwa Makete, akafungiwa Tabata mwezi wa pili, huacha kula kwa joto. Halafu kuna malumalu. Sakafu zetu za mjini tunazozipenda zinang'aa, na zikilowa zinaangusha kuliko udongo wa Tukuyu. Weka mkeka wa mpira bafuni kabla hajafika.

Gharama. Chakula na maji havikuumi sana. Zinauma pampasi za wakubwa akizihitaji, teksi za kliniki, na msaidizi. Ile kazi isiyolipwa nayo ina jina la mtu, na mara nyingi ni mke. Ndugu zangu wanaume, mnaposema "mama aje kwangu", nani atamwogesha? Muulizeni huyo kwanza, akiwa peke yake, na jibu la hapana lipokeleni bila kinyongo. Kwa baba ni zito zaidi. Katika mila za Kinyakyusa mkaza mwana alitakiwa kumkwepa baba mkwe, hata njiani apishe. Vijana wengi hawafuati hayo leo, lakini baba wa miaka themanini alikulia humo. Kumweka kwenye nyumba ya vyumba viwili inayotumia bafu moja na mke wa mwanawe ni kumwondolea heshima yake bila kujua. Nimemfahamu mzee mmoja aliyekuwa anajizuia kwenda haja mchana kutwa kwa sababu hiyo, mpaka akaugua.

Watu wake. Nilimnunulia mama kiti kizuri chenye mto. Hakukikalia. Alichukua kiti cha plastiki cha watoto akakiweka barazani kuelekea geti, na geti letu ni la bati, halionyeshi nje. Alikuwa anasikiliza miguu ya watu. Jioni nikirudi swali la kwanza lilikuwa, "Leo nani amekamua?" Ng'ombe tulikuwa tumemwachia jirani. Mwezi wa tatu akaacha kuuliza, na hapo ndipo nilipoogopa.

Kaburi. Kutoka Mbeya kwenda Tukuyu ni kama kilomita 70. Kutoka Dar ni zaidi ya 800, ukipitia Kitonga, na jeneza linasafiri kwa gharama ambayo familia nyingi huchangishana kwa siku tatu. Mkubaliane mapema kwamba atarudishwa, na mwambieni hivyo kwa maneno. Mama alilala vizuri zaidi usiku ule nilipomwambia.

Panamfaa anayehitaji hospitali mara kwa mara, aliyezoea mji tangu zamani kama walimu na wauguzi wastaafu, au ambaye nyumba ya mtoto ina mtu mzima mchana kutwa. Hapamfai anayehamishwa ili watoto tu watulie moyo.

Kuhusu kumzungusha, miezi mitatu kwa huyu na mitatu kwa yule: kwa mzee mwenye nguvu anayependa wajukuu ni furaha. Kwa anayeanza kusahau ni mateso, maana kila anapojifunza choo kiko wapi, anahamishwa.

Makazi ya wazee

Tofautisha aina mbili. Yapo ya serikali, kama Fungafunga pale Morogoro, Nunge Kigamboni na Njoro kule Kilimanjaro, ambayo yamewekwa kwa wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. Kuingia ni kupitia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mwenye watoto wenye kipato hawezi kupelekwa kule kwa sababu watoto wana kazi nyingi. Na yapo machache yanayoendeshwa na masista, makanisa na watu binafsi, ambako mnaweza kuzungumza na wahusika. Huku kwetu ni machache kweli, na nafasi haikungoji.

Usiku. Hapa makazi mazuri yanayazidi machaguo mengine. Kuna mtu wa zamu aliye macho. Lakini uliza: ni wangapi kwa wazee wangapi? Analala wapi? Kengele iko wapi, na mzee aliye kitandani anaifikia?

Matibabu. Uliza nani anashika dawa, kama kuna muuguzi au anakuja mara moja kwa wiki, na gari la dharura ni la nani.

Baridi na nyumba. Mara nyingi zimejengwa kwa kufikiria wazee: hakuna ngazi, choo karibu. Nenda asubuhi ya Julai uhesabu mablanketi.

Gharama. Ya serikali hayamtozi mzee. Ya dini na binafsi huomba mchango au ada. Taka kiasi hicho kwa maandishi, pamoja na kama pampasi na dawa viko ndani au nje ya hesabu. Kama mzee ni mstaafu wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kadi yake ya benki ibaki mikononi mwake au mwa mtoto aliyemchagua, na hakikisheni anaweza kufika kwenye uhakiki wa wastaafu.

Watu wake. Nilikwenda kutembelea nyumba moja ya masista na rafiki yangu wa Mafinga, ambaye mjomba wake yuko pale. Nilitegemea kulia. Tulimkuta amekaa kwenye benchi juani anamenya viazi kwa kisu kidogo, ganda moja refu lisilokatika, na pembeni wenzake wawili wanabishana kuhusu mvua ya mwaka fulani. Alituamkia "Kamwene" akaendelea kumenya. Sista akaniambia kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyeomba kazi hiyo. Mjomba huyu alizika watoto wake wote. Njombe na Iringa zimebeba mzigo mkubwa wa Ukimwi kwa miaka mingi, na wapo wazee ambao kizazi kizima kati yao na wajukuu kimeondoka. Ukimwambia mzee huyo kwamba makazi ni aibu, unamwambia aibu hiyo kwa niaba ya nani?

Lakini nimesikia pia ya sehemu nyingine ambako wazee wanakaa wamepangwa ukutani mchana kutwa bila mtu kuwasemesha. Dalili zinaonekana mapema. Wageni wanapokewa kwa miadi tu. Harufu ya mkojo iko hata chumba cha mapokezi. Mzee anamtazama mhudumu kabla ya kukujibu. Ukiziona hizi, ondoka naye siku hiyo hiyo. Nenda bila taarifa, wakati wa chakula, mara mbili.

Kaburi. Uliza kabla ya kuandikisha jina: akifariki usiku nani anapigiwa, na mwili unasubiri ndugu kwa muda gani?

Panamfaa asiye na mtoto wa kumtunza, anayehitaji macho ya mtu saa zote, au anayetaka mwenyewe kukaa na wenzake. Hapamfai anayepelekwa kwa kudanganywa kwamba anakwenda kupima macho. Hilo limetokea kwenye ukoo ninaoujua, na yule mzee hakumwamini tena mtu yeyote.

Chumba chake karibu na huduma

Hili watu wengi wanalifanya bila kulipatia jina. Mzee anaondoka kijijini lakini haingii nyumbani kwa mtoto. Anapangiwa vyumba viwili Tukuyu mjini, Makambako, Mafinga au Ilula, karibu na hospitali na kanisa, na anakaa na msaidizi.

Usiku bado unategemea msaidizi, ila wapangaji wenzake wa uani wanasikia kelele kuliko majirani wa shamba la pili. Matibabu yako mwendo wa miguu. Nyumba uichague wewe, kwa hiyo usikubali choo cha pamoja cha uani. Gharama ni kodi juu ya mshahara, na wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Watu wake ni nusu kwa nusu: siku ya soko wa kijijini wanafika, wanampitishia parachichi na habari, na msimu wa kiangazi anaweza kwenda kuona shamba na kurudi jioni. Nyumba ya kijijini muitunze, maana ikianguka ataiona kama habari yake mwenyewe. Kaburi liko karibu.

Panamfaa mwenye kliniki za mara kwa mara asiyetaka kukaa chini ya paa la mkwe, na wazee wawili ambao bado wako pamoja.

Ukiwa kwenye hali hii

Kama akili iko sawa na miguu ndiyo imechoka, anzia kwake: choo ndani, taa, mtu mzima wa kulala. Fanyeni jaribio la miezi mitatu, kisha mkae tena.

Kama ametoka hospitali na kiharusi, miezi ya kwanza awe karibu na hospitali, kwako au kwenye chumba cha kupanga. Mwambie ni kwa muda, na iwe kweli ni kwa muda.

Kama anatoka usiku akidhani anakwenda sokoni, au moto umeshawahi kumshinda, kijijini na binti mmoja hakutoshi. Awe penye mtu mzima mchana na usiku. Kama kwenu hayupo, tembeleeni makazi kwa moyo mweupe, na msimzungushe.

Kama analea wajukuu, hesabuni nyumba nzima. Ukimhamisha bibi umehamisha shule, na ukiwatenganisha umevunja kile kilichokuwa kinawasimamisha wote.

Kama ni jirani au ndugu wa mbali asiye na mtu, anza na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji upate barua, kisha afisa ustawi wa jamii. Msindikize wewe mwenyewe. Mzee hawezi kupanga foleni za ofisi tatu.

Kama kifua chake ndicho kinachoteswa na baridi na una ndugu pwani au Kyela kwenye joto, aende Juni arudi Septemba. Kuhama kwa msimu si kushindwa kuamua.

Kama wazazi wako wawili bado wanalala chumba kimoja, msiwagawane, hata kama mmoja anakwenda vizuri kwa dada na mwingine kwa kaka.

Na kama ndugu hamuelewani, muulizeni mzazi mbele ya wote, swali moja moja, bila kumsaidia kujibu. Sisi tulifanya hivyo mwishoni mwa mwezi wa nne wa mama kukaa kwangu, tumezunguka meza hapa Isyesye. Kaka alieleza, dada akaeleza, mdogo wetu safari hii tukamwacha amalize. Mama alisikiliza hadi mwisho akauliza, "Choo cha ndani kitachukua muda gani?" Kilichukua wiki tano. Sasa analala na mama mmoja mjane wa jirani, ambaye tunamlipa tarehe moja ya kila mwezi, na daftari la nani ametoa kiasi gani liko kwangu, kila ndugu ana picha yake kwenye simu. Tumekubaliana kukutana Tukuyu kila Desemba na kumuuliza upya, maana mwaka huu ameanza kurudia hadithi mara mbili kwa siku, na juzi alimwita mjane yule kwa jina la dada yake aliyefariki.